Amplifaya na boksi la gitaa la besi: namna ya kuchagua, kuunga na kutunza

Maswali ni yaleyale kila mwezi. Kijana amekabidhiwa gitaa la besi na kwaya yake, au bendi ya mtaani imepata mwaliko wa kwanza wa harusi, kisha simu inaita: "Kaka, wati ngapi zinatosha? Hii ampu ya solo haiwezi kubeba besi? Mbona spika imeanza kukwaruza?" Nimeamua kuyajibu yote mahali pamoja, kwa mpangilio ule ninaoufuata mwenyewe ninapomsaidia mtu kununua na kufunga vyombo.

Maneno matatu kwanza tuelewane. Kichwa ni amplifaya peke yake, bila spika. Boksi ni kasha la spika peke yake. Kombo ni vyote viwili ndani ya kasha moja.

Andaa hivi kabla ya kuanza

- Gitaa lako mwenyewe. Usijaribu ampu kwa gitaa la dukani ambalo huijui sauti yake.
- Waya wa gitaa uliokwisha kuuthibitisha kuwa mzima.
- Waya wa spika, ambao ni kitu kingine kabisa (tazama hatua ya 6).
- Mita ya fundi ya kupimia volti na omu (kipimo cha ukinzani wa umeme). Hata ile ya bei nafuu inatosha.
- Betri ndogo ya volti 1.5, na betri mpya ya volti 9 kama gitaa lako linatumia betri.
- Tochi, bisibisi ya nyota, na kipande cha godoro la sponji. Nitakueleza kazi yake.

Hatua ya 1: Amua utapigia wapi

Kwa chumbani, kombo ya wati 15 hadi 30 yenye spika ya inchi 8 au 10 inatosha. Kwa mazoezi na mpiga dramu mwenye mkono mzito, anzia wati 100 hadi 200. Kwa ukumbi wa harusi ambako besi haipiti kwenye spika kubwa za ukumbi, usishuke chini ya wati 300 na boksi la spika 2 za inchi 10 au zaidi. Kama fundi mitambo anachukua besi yako na kuipitisha kwenye spika zake, boksi lako linabaki kazi ya kukusikilizisha wewe na wenzako jukwaani tu, kwa hiyo dogo linatosha.

Usijilinganishe na mpiga solo. Yeye kwa wati 30 anasikika juu ya dramu bila shida. Uzi wako wa E ukiwa wazi unatetemeka karibu mara 41 kwa sekunde, na B ya gitaa la nyuzi 5 karibu mara 31. Kusukuma hewa kwa mwendo huo wa polepole kunataka nguvu nyingi na karatasi kubwa ya spika.

Na ampu ya solo? Chumbani kwa sauti ya chini, itumie bila hofu. Bendi ikianza, iache. Spika zake hazikutengenezwa kwenda mbele na nyuma kwa umbali huo, na mara nyingi kasha lake liko wazi nyuma, kwa hiyo besi haibaki. Bora zaidi uombe nafasi kwenye ampu ya kinanda au spika ya ukumbi.

Hatua ya 2: Chagua boksi kabla ya kichwa

Hapa ndipo pesa nyingi zinapopotea. Watu wanaangalia wati za kichwa, halafu wanaokoteza boksi lolote. Fanya kinyume chake, kwa sababu boksi ndilo unalolisikia.

Tafuta kwenye karatasi ya maelezo ya boksi namba ya desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) inayotolewa kwa wati 1 kwa umbali wa mita 1. Tuseme boksi moja limeandikwa 94 na jingine 100. Tofauti ni desibeli 6, na kila desibeli 3 ni sawa na kuongeza nguvu mara mbili. Maana yake kichwa cha wati 100 kwenye boksi la pili kitasikika sawa na cha wati 400 kwenye boksi la kwanza. Wati 300 hizo umezipata bure kwa kuchagua boksi zuri.

Boksi dogo, linaloshuka chini sana, linalopiga kwa sauti kubwa kwa nguvu kidogo: chagua mawili, la tatu hutalipata. Muuzaji akikuahidi yote matatu, mwache aendelee kuongea. Wala usiamini kwamba spika ya inchi 15 lazima ishuke chini kuliko za inchi 10, kwani ukubwa wa kasha na namna lilivyopigiwa hesabu vina uzito zaidi. Kwa rumba na dansi, ambako besi inazungumza na kukatakata, mimi napenda 10. Zinajibu haraka na noti zinatoka zimeachana.

Fikiria pia mgongo wako. Lile boksi maarufu la Ampeg la spika 8 za inchi 10, lililotoka na kichwa cha SVT mwaka 1969, lina uzito wa zaidi ya kilo 60. Huwezi kupanda nalo daladala. Maboksi 2 madogo ya spika 2 kila moja yanaingia kwenye bajaji, na siku ya kazi ndogo unabeba moja.

Onyo kuhusu wati: vyombo vingi vya bei rahisi vimeandikwa maelfu ya wati kwa herufi kubwa ubavuni. Herufi PMPO (nguvu ya kufumba na kufumbua tu) zikiwepo, ipuuze namba hiyo. Tafuta iliyoandikwa RMS, yaani nguvu ya kudumu. Kama haipo, geuza kifaa usome nyuma: chombo kinachokula wati 120 za ukutani hakiwezi kukaa kikitoa wati 1000 za sauti.

Hatua ya 3: Soma omu, kisha uzisome tena

Soma hatua hii taratibu, ndiyo inayoua vichwa. Nyuma ya boksi pameandikwa omu 8 au omu 4. Nyuma ya kichwa, karibu na tundu la spika, pameandikwa omu za chini kabisa zinazoruhusiwa, kwa kawaida 4, mara chache 2.

Fikiria tangi la maji na mipira ya kumwagilia. Kichwa ni tangi, boksi ni mpira. Ukiongeza mpira wa pili pembeni ya ule wa kwanza, maji mengi zaidi yanatoka kwa mpigo mmoja. Ndivyo omu zinavyoshuka unapoongeza boksi:

- Boksi 1 la omu 8: kichwa kinaona 8
- Maboksi 2 ya omu 8: kinaona 4
- Boksi la 8 na la 4: kinaona karibu 2.7
- Maboksi 2 ya omu 4: kinaona 2

Kuunga boksi la pili kwenye tundu la pili la kichwa, au kulipitisha kwenye tundu la nyuma la boksi la kwanza, hesabu ni ileile. Wengi wanadhani njia ya pili ni salama zaidi. Sivyo.

Niliwahi kupiga harusini na maboksi 2 ya omu 4 kwenye kichwa ambacho mwisho wake ni 4. Mazoezini kilivumilia kwa sababu tulipiga chini. Ukumbini, kwenye joto, maharusi wakiwa katikati ya njia, kilijizima. Nilipoweka kiganja juu ya bati lake nilikiondoa papo hapo, linaunguza kama sufuria. Kilipona kwa sababu kina kinga ndani. Vingi havina.

Kwa hiyo ukinunua boksi la kwanza, nunua la omu 8. Linakuachia nafasi ya kuongeza la pili baadaye. Kichwa kilichoandikwa wati 300 kwa omu 4 kitatoa pungufu kwenye omu 8, mara nyingi chini ya 200, na hiyo ni kawaida, hakijaharibika.

Kama kichwa chako ni cha valvu (zile taa za kioo za zamani badala ya transista), sheria ni kali zaidi: swichi ya omu ilingane na boksi, na kisiwashwe hata dakika moja bila boksi kuungwa. Transfoma yake ya kutolea sauti inaweza kuungua.

Hatua ya 4: Kagua volti za kifaa

Mitumba mingi mizuri inatoka Japani na Marekani. Japani umeme ni volti 100, Marekani 120. Sisi ni 230 Tanzania, na majirani zetu wako kwenye 220 hadi 240. Kichwa cha volti 100 ukikichomeka moja kwa moja ukutani, kinakufa kabla hujagusa uzi.

Piga tochi kwenye kibao cha nyuma. Kikiandikwa 100–240V, chomeka popote. Kikiwa na swichi ndogo ya 115 na 230, iweke 230 kabla ya kuchomeka. Kikiandikwa 100V au 120V tu, unahitaji transfoma ya kushusha umeme yenye uwezo wa angalau mara 2 ya wati zilizoandikwa hapohapo nyuma. Piga hesabu ya gharama na uzito wa transfoma hiyo kabla ya kufurahia bei ya kichwa.

Hatua ya 5: Kagua mtumba kabla ya kulipa

1. Fungua wavu wa boksi. Tanua vidole vya mkono mmoja, uvizungushe sawasawa katikati ya karatasi ya spika, sukuma polepole ndani uachie. Irudi kimya. Ukisikia mkwaruzo kama msasa, koili (waya uliozungushwa nyuma ya karatasi) inagusa sumaku, na spika hiyo imekwisha.
2. Gusa ukingo unaoizunguka karatasi. Wa kitambaa hudumu. Wa sponji ukibonyea na kumeguka kama mkate mkavu, umeoza.
3. Nusa tundu la hewa la boksi. Koili iliyoungua ina harufu kali inayokaa miezi.
4. Pima omu kwa mita kwenye tundu la boksi. Boksi la omu 8 husoma kati ya 5.5 na 7, la omu 4 husoma karibu 3 hadi 3.5. Usishtuke kwamba ni pungufu, mita inapima waya tupu. Boksi la spika 4 la omu 8 likisoma 11 au 12, jozi moja ndani haifanyi kazi, ingawa muuzaji atakupigia na utaona linalia.
5. Washa, piga dakika 20 kwa sauti ya kazini. Magonjwa ya joto hayaonekani kwa dakika 2.

Hatua ya 6: Unga kwa mpangilio huu

Waya wa gitaa una uzi mwembamba katikati uliozungushiwa wavu wa kuzuia kelele. Waya wa spika ni nyaya 2 nene sawa, bila wavu. Kwa nje plagi zinaweza kufanana kabisa, na hapo ndipo balaa lilipo. Waya wa gitaa kwenye spika unapata joto, mpira wa ndani unayeyuka, nyaya zinagusana, kichwa kinakufa. Fungua plagi uangalie. Kama huna wa dukani, fundi akuungie waya laini wa umeme wa milimita za mraba 1.5 au 2.5, usiozidi mita chache. Ukiweza, tumia plagi za Speakon, zile za kuzungusha zikajifunga: hazichomoki mtu akijikwaa, na huwezi kuzikosea.

1. Kila kitu kikiwa kimezimwa, unga boksi na kichwa kwa waya wa spika.
2. Shusha sauti hadi sifuri, unga gitaa.
3. Chomeka umeme kwenye soketi yenye ethi. Kwenye jenereta, iwashwe kwanza, itulie, upime volti kwa mita ndipo uchomeke.
4. Kama kuna mtu ataimba karibu nawe, pima volti za AC kati ya nyuzi za gitaa lako na chuma cha maikrofoni yake. Isome karibu na sifuri. Ikisoma makumi ya volti, usiguse maikrofoni, zima na utafute soketi yenye tatizo. Mdomo wenye jasho ukigusa maikrofoni hiyo huku mkono uko kwenye nyuzi, umeme unapita kifuani.
5. Washa kichwa mwisho wa vyote.

Kamwe usikate pini ya ethi ili kuondoa mvumo. Na tundu la spika la kichwa lisiungwe kwenye mikisa hata kwa majaribio.

Hatua ya 7: Weka boksi mahali pake

Kona ya ukumbi inaongeza besi, tena ya kuvuma. Ukiona noti zinamezana, vuta boksi kutoka konani kabla ya kugusa toni. Jukwaa la mbao lenye uwazi chini hugeuka ngoma, na hapo ndipo kipande cha godoro kinapofanya kazi: laza boksi juu yake, mvumo wa mbao unapungua. Mwisho, boksi lililo sakafuni linapigia magoti yako. Liinue juu ya meza imara au uliegemeze likutazame, utajisikia bila kuongeza sauti.

Hatua ya 8: Weka gain na toni

Vitufe vyote vya toni viweke katikati, alama ikitazama juu kama mshale wa saa 6 mchana. Piga kwa nguvu yako yote, usipige kwa aibu, huku ukipandisha GAIN (kitufe cha nguvu ya sauti inayoingia) mpaka taa nyekundu iwake kidogo kwenye noti kubwa tu. Rudisha kidogo. Sasa pandisha MASTER, kitufe cha sauti inayotoka, mpaka sauti itoshe.

Toni inayopendeza ukiwa peke yako chumbani, besi juu, kati chini, inapotea bendi ikianza. Sauti za kati, takriban hezi (mitetemo kwa sekunde) 250 hadi 800, ndizo zinazoifanya kila noti ijulikane ni noti gani. Usipojisikia, pandisha MID kidogo kabla ya MASTER. Kitufe cha BASS kikipanda desibeli 12, kichwa kinadaiwa nguvu mara 16 kwenye sauti hizo za chini, na karatasi ya spika inarushwa mpaka inagonga mwisho wake. Ukisikia "tap" kavu kwenye noti za chini, shusha papo hapo. Spika nyingi nilizoziona zimekufa, zimekufa hivyo.

Hatua ya 9: Toa laini kwa fundi mitambo

Tumia tundu la DI nyuma ya kichwa, lile la kupeleka sauti yako kwenye mikisa. Kitufe cha PRE kinampa fundi sauti isiyoguswa na toni zako, POST kinampa pamoja na toni zako. Chagua PRE, ili ukirekebisha sauti yako jukwaani usimvurugie ukumbi mzima. Mvumo ukitokea, bonyeza GROUND LIFT hapo kwenye DI.

Hatua ya 10: Zima, beba, tunza

Kichwa kizimwe kwanza kabla ya vingine, na kabla ya jenereta. Umeme ukikatika, zima swichi mara moja na usiiwashe hadi umeme utulie dakika chache baada ya kurudi.

Pwani adui ni chumvi na unyevu. Kila baada ya miezi 2 pulizia dawa ya kusafishia kontakti kwenye plagi, iingize na kuichomoa mara 10 kwenye kila tundu. Funika kwa kitambaa cha pamba. Nailoni inafungia unyevu ndani. Usiweke boksi moja kwa moja juu ya sakafu ya saruji. Bara adui ni vumbi, kwa hiyo piga brashi kwenye matundu ya feni. Kote, mende wanapenda joto la kichwa, kikague kama kimekaa muda mrefu.

Skrubu za spika hulegea kwa mtetemo. Kaza kwa kuvuka, moja ya huku kisha ya upande wa pili, bila kulazimisha. Kichwa usikifungue. Cha valvu kinaweza kubaki na mamia ya volti ndani hata baada ya kuchomolewa.

Ikisumbua

*Hakuna sauti kabisa.* Badilisha waya wa gitaa, halafu betri ya gitaa, halafu waya wa spika. Kisha gusisha betri ya volti 1.5 kwenye plagi ya boksi lililochomolewa: spika nzima inatoa "tup".

*Sauti inakatika na kurudi, ukigonga kichwa inarudi.* Chukua waya mfupi wa gitaa, unga tundu la SEND na la RETURN nyuma (yale ya kuungia vyombo vya madoido). Ikipona, kontakti ya ndani ya tundu hilo imeshika kutu. Safisha kwa dawa. Usikimbilie kulipa fundi.

*Inajizima baada ya nusu saa.* Hesabu omu upya, kisha angalia kama feni inazunguka na kama kuna nafasi ya hewa nyuma.

*Mvumo unaopotea ukigusa nyuzi.* Huo ni wa gitaa lenyewe, sogea mbali na taa na transfoma. Usiopotea ni wa ethi au waya.

*Umeongeza boksi la pili na besi imepungua.* Spika zinasukumana kinyume. Gusisha betri ya 1.5 kwa kila boksi, chanya kwenye ncha ya plagi: karatasi zote zitoke nje. Ile inayoingia ndani, nyaya zake zimegeuzwa.

*Inatetemeka kwenye noti moja tu.* Piga noti moja moja kwenda juu mpaka uipate, kisha mtu ashike wavu, mshikio, na magurudumu, kimoja kimoja, wewe ukiendelea kupiga. Mara nyingi ni skrubu.

*Fyuzi imekatika.* Weka nyingine ya namba ileile. Ikikatika tena, peleka kwa fundi. Usiifunge kwa karatasi ya sigara wala waya: fyuzi inakatika ili transfoma isiungue.